Paskalia na Waya Uliotoboa Chumba cha Dhahabu

Mwanangu Paskalia ana maneno mengi. Sisemi kwa ubaya, maana amewarithi ndugu za baba yake, watu wanaoweza kukusimamisha njiani mpaka mzigo wa kichwani ukuumize shingo. Ukimuuliza habari za nyumbani, hajibu "nzuri" akapita. Anakuambia nani amepona, nani amejifungua, mbuzi gani alipotea na akaonekana kwa nani. Kisha anakuuliza wewe, na anangoja umalize.

Tunaishi Rwamgasa, huku Geita. Hapa kuna watu wa mwendo wa aina mbili. Wako wachimbaji, waliotoka kila upande wa nchi, ambao hata chai wanainywa wamesimama. Na wako wafugaji na wakulima wa vijijini, Wasukuma wenyewe, ambao kabla hawajakuambia mtoto amevunjika mkono ni lazima kwanza mjuliane hali. Zahanati ya Daktari Amosi inawatibu wote, na Paskalia ndiye karani wa mapokezi, anayekaa dirishani na kompyuta.

Kabla ya kazi hiyo alikuwa akiosha mchanga wa dhahabu mwaloni, mikono ndani ya maji yenye zebaki kutwa nzima. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini nilishaona wanawake waliofanya kazi hiyo miaka mingi, vikombe vikiwatetemeka mikononi. Kila jioni nilikuwa namshika vidole mwanangu nikivitazama. Daktari Amosi alipomchukua, kwa kuwa alikuwa amemaliza kidato cha nne na kujifunza kompyuta pale Katoro, nilikwenda kanisani siku isiyo ya misa, nikapiga magoti peke yangu mpaka mfagiaji akaniuliza kama nimefiwa.

Jengo la zahanati zamani lilikuwa la mnunuzi wa dhahabu. Madirisha yana nondo nene kama kidole gumba. Mbele ndiyo mapokezi, nyuma ni ofisi ya daktari, na katikati kipo chumba kidogo kisicho na dirisha, kuta zake zege tupu lililojazwa vyuma, mlango wake wa bamba la chuma. Mnunuzi alikuwa anaweka mali humo. Daktari Amosi akakifanya stoo ya dawa, na akafurahi sana kwamba panya hawezi kuingia.

Mimi nauza dagaa wa Nkome pale sokoni, ng'ambo ya barabara. Nikitaka kumwona mwanangu akifanya kazi, navuka kwenda kupima presha.

"Mama Paskalia, jana si ulipima?" Violeth, muuguzi, aliniambia siku moja.

"Ya jana ni ya jana, sista."

"Presha yako nzuri kuliko ya kwangu. Na dagaa umewaacha na nani?"

"Wananukia wenyewe, hawahitaji mtu. Acha nipumzike kidogo kwenye benchi."

Nikikaa benchi naona kila kitu. Nilianza kuona jambo tangu daktari alipoleta ule mfumo wa kompyuta. Mgonjwa akifika, Paskalia anaandika jina lake, na faili linatakiwa litoke kwenye kompyuta kuu iliyo ofisini kwa daktari, lije mpaka kwenye kioo cha Paskalia, ndipo amwelekeze chumba. Linakuja kwa hewa, kwa kile wanachokiita waifai. Daktari alikuwa amenunua visanduku vyenye vipembe, akawa anawaonyesha wageni: "Tazameni, hakuna waya hata mmoja humu ndani. Kama Mwanza!"

Basi Paskalia anaandika jina, na kwenye kioo kinatokea kiduara. Kinazunguka. Kinazunguka tena. Na kikizunguka, yeye anasalimia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mayu." Huyo ni Mzee Mabula, mfugaji, anayekuja kwa ajili ya mgongo wake. Mayu ndiyo mama, na wazee wetu humwita binti hivyo wakimpenda. Kisha akamwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka."

"Mwangaluka baba. Mhola?"

"Mhola, mayu. Salama."

"Na bibi hajambo? Lile jicho?"

"Jicho limetulia. Sasa anaona hata nisiyotaka ayaone."

"Na ng'ombe?"

"Ah, ng'ombe! Mayu, yule dume mweupe unamkumbuka?"

Paskalia hajawahi kumwona dume huyo maishani mwake, lakini anamkumbuka. Mzee anamweleza alivyovunja ua wa jirani, na watu wote wa benchi wanasogea wasikie. Nyuma yao, foleni inatoka mlangoni, inashuka ngazi, inafika barabarani.

Mchimbaji mmoja kijana, Adam, alikuwa ameangukiwa na jiwe mguuni. Akapaza sauti: "Dada! Mimi nimeangukiwa na mwamba, sijaangukiwa na ng'ombe wa babu. Nisogeze!"

"Pole kaka yangu. Nyumbani wanajua umeumia?"

"Nyumbani ni Singida! Watajuaje? Nipe chumba!"

Watu wakacheka. Na hapo ndipo Daktari Amosi alipotoka ofisini. Ni mtu mwembamba, mwenyeji wa Ushirombo, mwenye kutembea kama anayewahi gari.

"Paskalia! Hapa ni mapokezi au ni kikao cha ukoo?"

"Daktari, faili la babu bado..."

"Bado kwa sababu unaongea! Nimeleta kompyuta ili watu wapite haraka, foleni imekuwa ndefu kuliko tulipokuwa na makadi. Sikiliza. Mwisho wa mwezi huu, foleni ikiwa bado inafika barabarani, nitaleta karani mwingine kutoka Geita mjini. Mtu asiye na maneno. Na kuanzia sasa, hakuna salamu dirishani. Jina, chumba, basi."

Akarudi ndani. Paskalia akainamisha kichwa kwenye kibodi. Mimi nikasimama, nikakaa, nikasimama. Violeth akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi bila mimi kuomba, akapampu, akatazama.

"Sasa hii," akasema, "ndiyo presha."

Nyumbani sikumwambia Paskalia nilichokuwa naogopa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakifikiria. Alikuwa anaosha vyombo, akaikunja mikono yake ndani ya maji akaitazama, kisha akasema, "Mama, mwaloni sirudi. Kesho nafunga mdomo."

Na kweli akaufunga. Kesho yake nilivuka barabara mapema, nikakuta zahanati kimya kama siku ya mtihani. Paskalia alikuwa ameibana midomo kama mtu aliyeshika pini za kushonea. Mgonjwa anafika, anataja jina, anaandikiwa, kisha wote wawili wanatazama kioo.

Hapo ndipo watu walipokiona kile kiduara. Siku zote kilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukitazama.

"Kinafanya nini hicho?" akauliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Kinatafuta faili lako, mama."

"Kinanitafuta wapi, nami niko hapa?"

Paskalia akakaza midomo. Kiduara kikazunguka. Foleni ikashuka ngazi ileile, ikafika barabara ileile. Mtu akikohoa, benchi zima linamgeukia kwa shukrani, maana angalau kuna kitu kimetokea.

Daktari Amosi akatoka kutazama matunda ya amri yake. Akasimama. Akaona mdomo umefungwa na foleni haijasogea. Akamwambia Paskalia ampishe kiti, akaketi yeye, akaandika jina la Adam, aliyekuwa amerudi kusafishwa kidonda. Kiduara kikazunguka. Daktari akagonga kitufe. Akagonga tena kwa nguvu. Kikazunguka kwa utulivu uleule, kisha kioo kikaandika kwamba mawasiliano yamekatika, tafadhali anza upya, na yote aliyoandika yakafutika.

"Daktari," akasema Adam kwa upole mkubwa, "kwani na wewe unaongea sana?"

Nilificha uso kwenye kanga. Daktari Amosi hakucheka. Akamwambia Paskalia, "Sijui kama ni wewe au ni mtandao. Namwita fundi. Amri yangu iko palepale, na mwisho wa mwezi uko palepale."

Fundi alikuja kutoka Geita, anaitwa Marselino, kijana mnene mwenye begi la mgongoni lililojaa nyaya. Hakugusa kompyuta kwanza. Alitoa simu yake, akaishika mbele ya kifua kama anayebeba kikombe kilichojaa, akaanza kutembea polepole. Ofisini kwa daktari, vile vistari vya mtandao vilikuwa vimejaa. Akatoka, akapita mbele ya stoo ya dawa. Vikabaki viwili. Akafika mapokezi. Kikabaki kimoja, nacho kinakuja na kuondoka.

"Daktari, hii stoo zamani ilikuwa nini?"

"Chumba cha dhahabu. Aliyeniuzia alisema mwizi hata akija na baruti hapiti."

"Basi na waifai yako haipiti. Chuma na zege vinaimeza. Kile kinachofika kwa dada hapa ni makombo yaliyozunguka kwa nje."

"Lakini niliambiwa waifai ndiyo ya kisasa."

"Ni nzuri, daktari. Nzuri kwa anayetembea na simu au na kompyuta ya mkononi. Lakini hii ya mapokezi inatembea kwenda wapi? Imekaa mezani tangu uinunue. Kitu kilichokaa, kipe waya wake." Akaelekeza kidole sokoni. "Halafu tazama. Duka la simu lile lina waifai, nyumba ya wageni ile ina waifai, na kibanda cha mpira kile. Wote wanasema kwenye hewa moja, kama madalali kwenye mnada wa ng'ombe. Ya kwako inasubiri wenzake wanyamaze ndipo iseme. Waya hausubiri mtu. Ni njia ya faili lako peke yake, kutoka ofisini mpaka hapa."

Daktari Amosi alitazama kuta zake safi zilizopakwa rangi nyeupe. Niliona inavyomuuma. "Upitishe nje, basi, chini ya bati."

Marselino akamtazama tu. Hata mimi nilimtazama. Waya wa nje, Rwamgasa! Ungelala hapo usiku mmoja, asubuhi ungekuta umeshakuwa wa mtu mwingine.

"Lazima upite ndani ya stoo," akasema fundi. "Tutoboe ukuta huu na ule wa pili. Matundu mawili, madogo."

Nikarudi kwenye dagaa wangu, maana wateja walikuwa wamejaa. Baada ya muda nikasikia drili. Ilianza kulia kwa kunguruma, kisha ilipokutana na zege ikapiga kelele iliyosikika mpaka mwisho wa soko.

Mahali pengine, drili ni drili. Lakini hapa mtu akisikia chuma kinakula mwamba, moyo wake unasimama. Na kelele hii ilikuwa inatoka nyumba ya mnunuzi wa dhahabu, tena katika chumba chenyewe. Soko lilinyamaza. Dorika, anayeuza nyanya karibu nami, akazifunika kwa gunia.

"Mama Paskalia, daktari wenu ana nini mule?"

"Anapitisha waya."

"Waya!" Akanicheka usoni. "Mtu apasue zege la stoo ya dhahabu kwa ajili ya waya?"

Akakimbia. Muuza mitumba akakimbia. Kwenye karasha zinazosaga mawe kule nyuma, mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, na wanaume wakaonekana wakija, wengi wao wameshika karai. Nami nikakimbia, si kwa ajili ya dhahabu. Nilijua mwanangu ndiye anayekaa dirishani, na kosa lolote litakalotokea leo litakuwa ni lake.

Nilipofika, uwanja wa zahanati ulikuwa umejaa. Wagonjwa nao walikuwa wametoka nje. Mwanamume mmoja alikuwa ameinua dripu yake juu kwa mkono wake mwenyewe ili ashuhudie. Adam, aliyekuwa akichechemea asubuhi, alikuwa ametangulia wote na sikumwona akichechemea.

Daktari Amosi alisimama mlangoni amenyoosha mikono. "Jamani! Hii ni zahanati!"

"Tunajua, daktari," akasema Adam. "Zahanati kaa nayo. Sisi tunaomba vumbi."

"Vumbi gani?"

"La ukutani. Daktari, yule mnunuzi alichoma dhahabu mule ndani miaka yote. Moshi wake ulikwenda wapi? Uliingia ukutani! Mwambie fundi asipulize. Vumbi lisipotee."

"Na sakafu!" mtu akapaza sauti. "Ufa wa sakafu ukwanguliwe!"

Wakaanza kusukumana. Mlango ukalia. Daktari akaanza kurudi nyuma, na nilimwona akimtazama Paskalia kwa macho ya mtu anayetafuta wa kumlaumu. Nikafumba yangu.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanangu. Alikuwa amepanda juu ya kiti.

"Haya, ndugu zangu! Vumbi mtapewa lote, mligawane nje. Lakini anayeingia humu, anaingia kama mgonjwa. Namwandikia jina, na sista Violeth anamchoma sindano. Nani wa kwanza?"

Violeth akatokea nyuma yake, ameinua sindano juu. Uwanja ukarudi nyuma kama hatua kumi. Kisha kicheko. Wakachagua mtu wa kukusanya, wakamchagua Adam. Aliingia na brashi ya kupakia rangi, akafagia chini ya kila tundu, nyuma ya kila kabati, katika kila pembe ya chumba. Violeth alisema tangu zahanati ifunguliwe stoo ile haijawahi kuwa safi vile. Walipomaliza wakaanza kumbembeleza Marselino: "Fundi, na hapa je? Toboa na hapa. Daktari hataona."

Walikwenda kuosha lile vumbi kwenye karai nyuma ya choo. Kilipatikana kitu kama chembe ya chumvi kinachong'aa. Wengine waliapa ni dhahabu, wengine wakasema ni rangi ya ukuta. Waliondoka bado wanabishana.

Marselino akapitisha waya wa buluu ndani ya bomba jembamba la plastiki, ukatoka upande wa pili, akauchomeka kwenye kompyuta ya Paskalia. "Andika jina," akamwambia.

Paskalia akaandika. Hakuwa hata ameinua kidole, faili likawa limefika. Akafuta, akaandika jingine. Likafika. Akaniangalia kupitia nondo za dirisha, na mdomo wake, ule aliokatazwa kuufungua, ulikuwa wazi.

Ningependa kusema mambo yakaisha hapo. Foleni ilikwisha. Asubuhi saa nne benchi lilikuwa tupu. Wachimbaji waliingia na kutoka kama wanaopita tu. Daktari Amosi alikuwa anatoka ofisini kuja kusimama mapokezi kutazama mahali ambapo hakuna watu, akitabasamu. Na Paskalia alishika amri. Jina, chumba, basi. Nikahesabu moyoni kwamba kazi imepona.

Kisha akaja Mzee Mabula na mgongo wake.

"Mzee Mabula. Chumba namba mbili."

Mzee hakuwa hata ameegemeza fimbo yake. Alikuwa ndiyo kwanza anavuta pumzi ya kuanza kujuliana hali. Akamtazama Paskalia, akatazama nyuma yake kama kuna mtu aliyeambiwa maneno hayo.

"Mayu, unanifukuza?"

"Hapana babu. Faili limeshatoka. Daktari anakusubiri."

Mzee akageuka. Hakwenda chumba namba mbili. Alivuka barabara polepole akaja mpaka kwenye meza yangu ya dagaa.

"Mama Paskalia," akasema, "mwanao tumemkosea nini?"

Nilisema kazi imekuwa nyingi, nikaona mwenyewe kwamba nimesema uongo, maana dirisha lilikuwa tupu na alikuwa analiona.

Hakurudi. Na bibi mwenye jicho hakurudi. Wazee wa vijijini, ambao wakija huja na mke na wajukuu na jirani anayesindikiza, nikaacha kuwaona. Dorika akasikia kwamba wanakwenda zahanati nyingine, mbali, ambako hakuna kompyuta wala waya, lakini wanaulizwa habari za nyumbani. Benchi lilikuwa tupu asubuhi, tupu mchana, na daktari akaacha kutabasamu. Zikiwa zimebaki siku chache mwezi uishe, nikiwa nimekaa napimwa presha, nikamsikia anamwambia Paskalia dirishani:

"Foleni imeisha, sikatai. Lakini na wagonjwa wameisha. Sasa sijui kama nahitaji karani wa aina yoyote. Tutaona mwezi ukiisha."

Alitakiwa afunge mdomo, akafunga, na bado mwenye kosa ni yeye. Nilitaka kumfuata daktari ofisini nimweleze yote, nikafika mpaka mlango wa stoo, nikarudi. Mtu wa darasa la saba unaingia ofisini kwa daktari kumwambia nini? Kwamba watu wanataka kuulizwa habari za dume mweupe?

Siku ya mwisho wa mwezi, wazee walikuja. Hawakuja kama wagonjwa. Walikuja wamevaa makoti, watano, na Mzee Mabula mbele yao, wakaketi kwenye benchi kwa mpangilio wa umri, fimbo zimelazwa magotini. Kila Msukuma anajua kwamba wazee wakija hivyo wana shauri la kusema. Paskalia alisimama. Violeth akaenda mbio kumwita daktari.

"Daktari," akaanza Mzee Mabula, "tumekuja kuuliza kosa letu. Kama kuna mtu wetu aliiba, atajwe. Kama kuna aliyetukana, tumlete aombe msamaha. Maana mtoto huyu alikuwa mtoto wetu, na siku moja ameacha kutusalimia. Mtoto haachi kusalimia bila kosa."

Daktari Amosi alibaki ameshika miwani yake. "Hakuna kosa, wazee wangu. Ni... tumeweka waya."

"Waya umemkataza kusalimia?"

"Hapana. Nilimkataza mimi."

"Kwa nini?"

"Niliona anawachelewesha watu."

"Na alikuwa anawachelewesha?"

Daktari akatazama ule waya wa buluu unaotoka ukutani, akamtazama Paskalia. Nilikuwa nimeshika nondo ya dirisha kwa nje, na naona niliishika kwa nguvu, maana mkono uliniuma baadaye.

"Hapana," akasema daktari. "Mashine ndiyo ilikuwa inawachelewesha. Yeye alikuwa anawapa mazungumzo ili msione ubovu wa mashine. Alikuwa anatusitiri."

"Basi," akasema mzee, "na atusalimie."

"Paskalia, wasalimie."

Mwanangu aliachia. Alianza na Mzee Mabula, akaenda kwa bibi, kwa jicho, kwa dume mweupe, akapita kwa mzee wa pili na shamba lake la pamba, kwa wa tatu na mkwe wake aliyeko Isaka kwenye malori. Faili la Mzee Mabula lilikuwa limeshafika kabla salamu haijaanza, likakaa kwenye kioo likingoja, mpaka kioo chenyewe kikachoka kikazimika, naye akakigusa kwa kidole bila kukatisha neno, kikawaka.

Daktari akaanza kurudi ofisini taratibu kwa kinyumenyume.

"Wewe daktari unakwenda wapi?" akauliza Mzee Mabula. "Wewe hatujakusalimia. Kaa."

Akakaa, mwisho wa benchi. Wakamuuliza habari za Ushirombo. Wakamuuliza baba, mama, wakwe. Alijibu vizuri kiasi. Kisha wakamuuliza ng'ombe.

"Sina ng'ombe, mzee."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Wazee walitazamana kwa huzuni. Mmoja akamshika bega. "Pole sana, daktari," akasema, na alimaanisha. "Kumbe ndiyo maana."

Walitibiwa wote siku ile, na wake zao wakaletwa mchana. Walipoondoka, daktari alisimama dirishani kwa Paskalia. Benchi lilikuwa limejaa tena, lakini watu walikuwa wanasogea. Wachimbaji walipewa chumba papo hapo, wazee waliongea wakangoja zamu ya kuongea.

"Mwezi umeisha," akasema daktari.

"Ndiyo, daktari."

"Kesho usichelewe."

Akaenda zake. Ndiyo hayo tu. Jioni nilimuuliza Paskalia mara tatu. "Amesema unabaki?"

"Amesema nisichelewe, mama."

"Lakini hilo neno, kubaki, amelisema?"

"Mama! Mtu anayefukuzwa anaambiwa asichelewe?"

Nilikubali, ila sikukubali sana. Nikamwamsha kabla ya alfajiri, nikamchemshia maji, nikamharakisha na shati lililopigwa pasi, nikamsindikiza mpaka getini. Mlinzi alikuwa bado amelala ndani ya koti lake. Alifungua jicho moja, akatutazama.

"Mama Paskalia," akasema, "mgonjwa ni nani?"

"Hakuna mgonjwa. Fungua. Huyu ni karani wa hapa."

Paskalia akacheka, akamwinamia. "Shikamoo baba. Umeamkaje? Na nyumbani wanaendeleaje?"